Bi Danguolė, Aliyeuficha Uwanja wa Ndege Kisha Akaufichua

Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 2010, Bi Danguolė Karosienė anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Ramani hapa Vilnius kwa miaka thelathini na sita. Ameomba sherehe yake isiwe na hotuba ndefu, na amekubaliwa. Kuhusu jarida la ofisi hakusema lolote, kwa hiyo mimi Eimutis wa mitambo ya uchapaji nimeiwahi nafasi hiyo kabla hajashtuka.

Aliajiriwa mwaka 1974 akiwa na miaka ishirini na mitatu, na alama nzuri za chuo kikuu, na koti alilolishona mwenyewe. Enzi hizo tulikuwa chini ya Moscow, na kazi yetu ilikuwa ya ajabu ukiieleza leo kwa watoto. Ramani za kweli zilikuwepo, ila zilifungiwa kwenye masefu ya jeshi. Sisi tulichora za raia, na za raia zilitakiwa zidanganye. Mto ulisogezwa kidogo, daraja likahamishwa, reli ikapindishwa pasipo na kona. Kambi za jeshi hazikuchorwa kabisa. Pale penye kambi tulijaza misonobari. Mkuu wake wa kwanza alimfundisha kwamba ramani nzuri ni ile ambayo mgeni akiifuata anapotea. Danguolė alikuwa mwanafunzi hodari. Misonobari yake ilipendeza kuliko ya mtu mwingine yeyote, nasi tulimtania kwamba nusu ya misitu ya Lithuania imeota kwa wino wake.

Ramani mojawapo ndiyo iliyompatia mume. Mwalimu wa fizikia aitwaye Feliksas alinunua ramani yetu ya watalii, akabeba begi mgongoni kwenda kutafuta ziwa, akalikosa, akalala kwenye ghala la nyasi kavu na kuamka na mafua. Alikuja ofisini amefura. Danguolė akatumwa kumtuliza. Hakuweza kumwambia kwamba ziwa limesogezwa kwa amri, maana maneno hayo yangemfunga jela, basi akamtazama usoni bila kupepesa na kumweleza kwamba ramani aliishika juu chini. Feliksas akaamini. Aliamini tangu siku ile, uchumba na ndoa yote, hadi uhuru ulipokuja mwaka 1990 na mkewe akamwambia ukweli mezani wakinywa supu baridi ya bitiruti. Tunasikia hakumsemesha mpaka kesho yake.

Mwaka 1994 nchi yetu iliomba kujiunga na Jumuiya ya Kujihami ya NATO, sawa na nchi nyingine zilizotoka chini ya ukomunisti. Magazeti yaliandika kuhusu vifaru na ndege. Wachache walijua kwamba jeshi la kigeni likija kukusaidia, kitu cha kwanza linachouliza ni ramani. Ofisi yetu ikaagizwa kuichora nchi upya, karatasi moja baada ya nyingine, kwa vipimo na alama za Jumuiya, ili askari wa Lisbon na askari wa Kaunas waangalie karatasi moja na kuona kitu kimoja. Bi Danguolė aliteuliwa kuwa mchoraji mkuu. Alianza kuingia kazini akiimba, jambo ambalo tulimwomba mara kadhaa aliache.

Alikuwa mkali. Karatasi yenye bluu iliyokolea kidogo kuliko anavyotaka aliirudisha kwangu na alama ya penseli nyekundu pembeni, bila salamu. Mitambo ikisimama, alikuja kusimama mlangoni na kipande chake cha mkate mweusi wenye mafuta ya nguruwe, akila taratibu huku akiniangalia, mpaka nione heri nifanye kazi. Kompyuta zilipoingia alizisema vibaya kwa mwezi mzima, kisha akazimudu kuliko vijana waliotumwa kumfundisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sote tunalijua na ambalo hakuna jarida la ofisi lililowahi kuthubutu kuliandika.

Septemba mwaka 2000 ulikuja ujumbe wa Jumuiya kupima utayari wetu. Kiongozi wao alikuwa Mdenmark mrefu mwenye masharubu meupe, Kanali Bjerre. Walitaka kuzijaribu ramani zetu mpya kwa njia iliyo wazi: wapewe magari mawili, karatasi moja iliyotoka mtamboni kwetu, na namba za latitudo na longitudo za mahali palipo na uwanja wa ndege wa kijeshi ulioachwa na Wasovieti mashariki ya nchi. Dereva wetu hapana, mwongozaji hapana. Wafike wenyewe. Uwanjani walikuwa wanasubiriwa na maofisa wetu, bendi ya jeshi, nguruwe wa kuchoma na keki ile ndefu ya matawi tunayoiweka kwenye harusi.

Wageni waliweka namba zao juu ya karatasi, zikaangukia katikati ya msitu. Kanali akaona karatasi ni nzuri mno, rangi zake safi (ahsante kwetu wa uchapaji), basi kosa lazima liwe kwenye namba. Wakaendelea mbele kutafuta mahali palipo wazi. Walipozidiwa wakaamua kuuliza njia, na huo ulikuwa msimu wa uyoga.

Mtu wa kwetu akiwa na kikapu mkononi mwezi wa Septemba haaminiki hata na mkewe. Ukimuuliza njia ya kwenda popote anakupeleka kusikostahili, kwa sababu nyuma ya mti ule huenda kuna uyoga wake aliorithi kwa bibi yake. Mzee wa kwanza aliwaelekeza mashariki. Mama mmoja akawarudisha magharibi, na alikuwa mkarimu kweli, akawapa na tufaha. Wa tatu aliapa kwamba hapo hakuna uwanja, hakuna barabara, na kwamba yeye mwenyewe amepotea tangu asubuhi. Jioni gari la mbele lilizama kwenye kinamasi hadi milangoni, na Kanali Bjerre akavutwa na trekta la mkulima wa viazi. Uwanjani kule bendi ilikuwa imepiga nyimbo zake zote ili isigande kwa baridi, na keki ilishaliwa na walinzi.

Uwanja ulikuwa pale pale namba ziliposema. Ila kwenye karatasi yetu, penye njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, palikuwa na misonobari. Mizuri sana.

Picha za angani ziliuonyesha uwanja waziwazi, na Bi Danguolė alikuwa nazo mezani. Hakuna aliyemwagiza auache. Mkono ulifika pale ukafanya ulichozoea kufanya. Baada yake wakaguzi wanne waliipitia karatasi, wote watu wa shule ile ile, na wote wakaweka saini, kwa sababu maisha yao yote hawakuwahi kuuona uwanja pale kwenye karatasi na macho yao hayakuona pengo. Ofisi nyingine duniani hukosea kwa kusahau. Sisi tulikosea kwa kukumbuka mno.

Asubuhi yake tuliitwa wote kwenye ukumbi. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Rimgaudas, alikwisha kutupanga mlangoni: itasemwa kwamba bamba la uchapaji liliharibika. Bamba halina mdomo, alisema, na nchi ina mengi ya kupoteza. Alikuwa na haki ya kuogopa. Maneno yaliyozunguka ukumbini yalikuwa kwamba ujumbe ukiandika kuwa ramani zetu hazitumiki, askari wa Jumuiya hawataweza kufanya mazoezi huku, na bila mazoezi ombi letu lingekaa kabatini miaka mingi. Kila mmoja wetu alikuwa na ndugu aliyechukuliwa na Wasovieti au aliyerudi akiwa si yule aliyeondoka. Tulijua kubaki nje kuna maana gani.

Kanali Bjerre, viatu vyake bado vina tope, akauliza kupitia mkalimani ni nani aliyeichora karatasi hiyo. Bwana Rimgaudas akafungua mdomo aanze habari ya bamba. Bi Danguolė akasimama.

"Ni mimi, Kanali. Uwanja upo. Nimeuficha."

"Nani alikuagiza?"

"Zamani niliagizwa. Safari hii hakuna aliyeniagiza, na hilo ndilo linalonitisha."

Kanali akaivuta karatasi karibu, akaitazama misonobari kwa muda. Akauliza kama kuna vingine vilivyofichwa.

"Vipo," akasema Bi Danguolė. "Vingapi sijui. Nipe mpaka majira ya kuchipua, nami nitakuonyesha vyote. Ukirudi ukakuta hata pampu ya maji imefichwa, andika kwamba sisi si wa kuaminika, na chini yake uandike jina langu, si la nchi."

Bwana Rimgaudas alikaa chini polepole. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliiona shingo yake ikibadilika rangi mara mbili. Kanali hakutabasamu wala hakukasirika. Alisema kama angepewa kisingizio chochote angefunga mkoba siku hiyo hiyo, kisha akasema atarudi Mei.

Majira ya baridi yale ofisi yetu haikuwahi kuwa na raha kama ile, ingawa kazi ilituvunja migongo. Bi Danguolė aliwaita wachoraji wote wastaafu walio hai waje kila Jumatano waseme walificha nini na wapi. Aliweka kahawa na keki ya asali, akatandika karatasi kwenye meza ndefu, na wazee wakaanza kuungama. Mwanzoni walinong'ona, wakitupia jicho mlango. Baada ya wiki chache wakaanza kushindana. Mzee Vytenis alijigamba kwamba alilisogeza daraja la reli kilomita nzima na hata Moscow haikugundua. Bi kizee mmoja akamcheka mbele ya watu, akasema daraja ni mchezo wa watoto, yeye aligeuza mkondo wa mto. Danguolė aliandika yote, halafu Alhamisi aliondoka na Feliksas kwenye gari lao kuukuu aina ya Žiguli kwenda kuhakikisha kwa macho, kwenye theluji, daraja kwa daraja. Feliksas alishika usukani na ramani hakuruhusiwa kuigusa.

Karatasi ya ule uwanja aliiacha mwisho. Alipoirudia likazuka tatizo jipya, kwa kuwa kanuni za Jumuiya zilitaka kila uwanja wa ndege uwe na jina la kutamkwa kwenye redio, na wetu jeshi la Wasovieti liliuita kwa namba tu. Wizarani walipendekeza jina la mtemi mkuu wa kale. Bwana Rimgaudas alipenda jina fupi lisilomsumbua mtu. Bi Danguolė aliandika Žvyrupiai.

Hakuna aliyelijua jina hilo. Tulidhani anatania, na tukamuuliza amelitoa wapi. Hapo ndipo alipotueleza, amesimama, penseli mkononi, kwamba Žvyrupiai kilikuwa kijiji, na kwamba mwaka 1953 askari walifika alfajiri na kuwapa watu mpaka jioni wapakie mikokoteni. Nyumba zilibomolewa, kisima kikafukiwa, saruji ikamwagwa juu yake. Mama yake, Ona, alilazimishwa kutia saini kwamba hatalitaja tena jina la kwao. Danguolė mwenyewe alikuwa na miaka miwili na alipanda juu ya mkokoteni amekumbatia kuku. Yaani miaka yote ile, kila alipochora misonobari pale, alikuwa anapanda miti juu ya nyumba aliyozaliwa. Alisema mama yake hajawahi kumlaumu, wala hajawahi kuomba kuiona kazi yake, na kwamba yeye angependa mama huyo aone jina la kwao limeandikwa mahali kabla hajafa. Hicho tu ndicho alichokitaka katika kazi yote hii. Akakaa, akaendelea kuchonga penseli.

Nilitoka nje kuvuta sigara, na mimi sivuti.

Bwana Rimgaudas, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijaribu mara ya mwisho.

"Danguolė, mama, fikiria. Rubani wa Kidenmark atalitamkaje jina hilo?"

"Atajifunza," akajibu. "Sisi tulijifunza Kirusi."

Karatasi ikaletwa kwangu mtamboni. Niliichapa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi hakuirudisha.

Mei 2001 Kanali Bjerre akaja na viatu vya mpira, tahadhari ambayo haikumkosesha heshima machoni petu. Alikataa karatasi aliyotayarishiwa. Aliufungua mwenyewe mkoba wenye karatasi zote, akachomoa moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, na kwa juma zima watu wake wakazunguka nchi wakitafuta uongo. Walipima madaraja. Walihesabu nguzo za umeme. Waliufuata ule mto uliogeuzwa na kuukuta umerudi kwake. Siku ya mwisho wakaenda uwanjani peke yao, na walifika mapema mno hata maofisa wetu walikuwa bado wanafunga tai na bendi inashuka kwenye basi. Safari hii Kanali aliikuta keki. Alilitazama jina kwenye karatasi, akajaribu kulitamka, akashindwa, akajaribu tena, akamwomba Bi Danguolė amsaidie, akashindwa mara ya tatu kwa adabu kubwa. Kisha akatia saini.

Novemba 2002 tulialikwa rasmi, na tarehe 29 Machi 2004 tukaingia. Waliokuwepo Vilnius wana hadithi zao za siku hiyo, kengele za makanisa na watu wasiojuana kukumbatiana barabarani. Sisi wa ofisi ya ramani tulipakiwa kwenye mabasi kupelekwa Žvyrupiai, ambako ndege ya kwanza ya wenzetu wapya ilitazamiwa. Theluji ilikuwa inayeyuka na tope lilikuwa hadi kwenye vifundo, lakini njia ya kurukia ndege ilifagiwa ikang'aa. Bendera zilikuwa nyingi kuliko upepo wa kuzipeperusha. Nililia kabla hata ya sherehe kuanza na sioni haya kusema.

Mstari wa mbele, kati ya mkuu wa wilaya na padri, alikaa Bibi Ona, mama yake Danguolė, umri wake miaka sabini na tisa, amejitanda shali ya sufu. Tangu ule mkokoteni hakuwa amerudi pale. Binti yake alimpa ile karatasi asubuhi, naye aliikunja ndogo akaiweka kifuani. Wakati wa kufika ndege, mnara ulifungulia redio kwenye vipaza sauti ili watu wote wasikie. Ilikwaruza kwanza. Halafu ikaja sauti ya rubani, kijana, katika Kiingereza chake, na ndani ya maneno yale likatoka jina, limevunjwavunjwa lakini linatambulika: Žvyrupiai. Akalirudia.

Bibi Ona akamshika binti yake mkono.

"Anasema nini kuhusu kwetu?"

"Anaomba ruhusa ya kutua, mama."

Bibi Ona akatazama juu. Ndege ilikuwa imeshaonekana juu ya msitu. Mwaka 1953 hakuna aliyemwomba ruhusa mtu yeyote.

"Anaomba?"

"Ndiyo, mama. Anasubiri ajibiwe."

Akajiweka sawa kwenye kiti, akakaza fundo la shali yake, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Basi mwambieni aje."

Bi Danguolė, ahsante kwa miaka yote, na ahsante kwa asubuhi ile uliyosimama wakati sisi wengine tulikuwa tunatazama viatu vyetu. Pumzika sasa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na safari nyingi na Feliksas, na popote mtakapofika, mpokewe kama wageni waliobisha hodi.